Kabla Hujanunua Jigi ya Mkia wa Njiwa

Droo huharibikia kwenye kona ya mbele. Kila inapofunguliwa, ubao wa uso unavutwa utengane na mbao za ubavu. Kama kilichozishika ni misumari na gundi tu, ipo siku mwenye kabati atabaki ameshika uso mkononi, sanduku lote likiwa bado ndani. Kiungo cha mkia wa njiwa kinazuia hilo kwa umbo lake. Mkia ni mpana mwishoni na mwembamba shingoni, hivyo hauchomoki kwa kuvutwa hata gundi ikishazeeka.

Fundi mwenye msumeno mzuri, patasi kali na subira hukata kiungo hiki kwa mkono, na akikizoea hukikata vizuri kuliko mashine. Lakini jiko la mteja mmoja lenye droo 20 lina kona 80, na tarehe ya kukabidhi kazi haisubiri. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta jigi ya kukatia kwa ruta ya mkono. Bahati mbaya, wengi pia huanzia kwenye picha ya jigi, kisha wakifika karakana wanakuta ruta yao haiingiliani nayo, au inakata kiungo ambacho wateja wao hawakiagizi. Ushauri wangu ni kwamba uanze na kazi unayouza, ufuatie ruta uliyonayo, jigi yenyewe uichague mwisho.

Viungo viwili, jigi za aina tatu

Kiungo cha kwanza ni mkia uliofichwa. Ukiitazama droo kwa mbele huoni kitu, ukiitazama kwa ubavu unaona mikia. Hiki ndicho kiungo cha uso wa droo. Kiungo cha pili ni mkia unaotokeza, ambao huonekana pande zote mbili za kona. Hiki hutumika kwenye masanduku, makasha ya zawadi, kona za nyuma za droo, na kazi yoyote ambayo mteja analipa ili kiungo kionekane.

Jigi rahisi kuliko zote hukata mkia uliofichwa. Ina kiolezo chenye meno yasiyosogea na nguzo mbili za kubania mbao, na kwa kawaida inapokea ubao wa upana wa hadi inchi 12, yaani milimita 300 hivi. Ubao wa ubavu unasimamishwa mbele na ubao wa uso unalazwa juu, ule uliosimama ukisogezwa pembeni kwa nusu ya nafasi ya jino. Ruta inapita mara moja na kukata mikia na mashimo yake kwa wakati mmoja, kwa biti ileile. Faida yake kubwa ni hiyo. Ukishaitega ikakubali, kona ya 80 itatoka sawa na ya kwanza.

Aina ya pili ni kiolezo cha mkia unaotokeza. Hapa kila ubao unakatwa peke yake. Mikia hukatwa kwa biti ya mkia wa njiwa, na pini zinazoingia katikati yake hukatwa kwa biti iliyonyooka. Keller ya Marekani imejijengea jina kwa violezo vya namna hii, vya alumini nene, vinavyotumia biti zenye beringi kwenye shina badala ya bushi, yaani pete ya kitako cha ruta inayozunguka biti na kufuata kiolezo. Muundo wake ni mwepesi na hauna vingi vya kuharibika. Ila kwa kuwa kuna biti mbili, mwenye ruta moja atabadilisha biti na kutega kina upya kila anapohama kutoka mikia kwenda pini. Ukiwa na oda ya masanduku mengi, kata mikia yote ya oda kwanza, ndipo ubadilishe biti.

Aina ya tatu ina meno yanayosogezwa. Fundi anaamua mikia iwe mipana au myembamba, iwe mingi au michache, na kiungo kinafanana na kilichokatwa kwa mkono. Inakata mkia uliofichwa na unaotokeza kwa jigi hiyohiyo. Leigh ya Kanada ndiyo inayotajwa sana, na D4R Pro yao inapokea ubao wa hadi inchi 24. Ni chombo kizuri, na bei yake ni ya chombo kizuri. Kina kitabu cha maelekezo ambacho lazima kisomwe, na kila unapobadilisha upana wa ubao unapanga meno upya. Kwa anayetengeneza samani chache za bei ya juu, muda huo unalipwa. Anayetoa droo za jikoni kila wiki ataona unapotea.

Zipo pia jigi zilizotengenezwa kwa ruta iliyofungwa chini ya meza, kama zile za Incra. Zinafanya kazi nzuri, lakini kama ruta yako ni ya kushika mkononi na huna meza yake, zipite tu.

Ruta yako itaikubali?

Biti ya mkia wa njiwa ni pana chini kuliko juu. Kwa sababu hiyo haiwezi kukata kidogo kidogo kwa kuongeza kina kama biti iliyonyooka. Inaingia kwa kina chake chote tangu mwanzo. Kwenye paini au saiprasi ruta ndogo itajitahidi. Kwenye mninga, mtiki au mvule italalamika, itachoma mbao na kuyumba. Kwa kazi ya kila siku tafuta ruta ya wati 1,000 au zaidi, yenye kitako kipana na kitasa cha kina kinachokaza bila kuteleza. Ukitumia ruta ya kuzama, hakikisha kufuli yake inashika kwelikweli, kwa sababu kina kikisogea nusu milimita katikati ya kazi, viungo vyote vinavyofuata vitakuwa vya saizi nyingine.

Kisha angalia koleti, yaani kishikio cha shina la biti. Madukani kwetu kuna biti za shina la milimita 6, 8 na 12, na kuna za inchi, yaani robo inchi ambayo ni milimita 6.35, na nusu inchi ambayo ni milimita 12.7. Tofauti kati ya 6 na 6.35 inaonekana ndogo kwa macho, lakini shina la 6 kwenye koleti ya robo inchi halishikiki. Litazunguka, litashuka, na siku mbaya litaruka. Usifunge karatasi wala bati kwenye shina ili likae. Nunua koleti inayolingana nalo.

Hapa pana mtego unaowanasa wenye ruta kubwa. Jigi nyingi za inchi 12 hutumia bushi ya kipenyo cha nje cha inchi 7/16, ambayo ni milimita 11.1. Shina la biti linapita ndani ya bushi hiyo. Shina la milimita 12.7 haliwezi kupita. Kwa hiyo hata kama ruta yako inameza biti za nusu inchi, kwenye jigi hii utatumia shina la milimita 8 au la robo inchi, na utahitaji koleti au kipunguzio cha saizi hiyo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua la 8. Ugumu wa shina dhidi ya kupinda unapanda haraka sana kipenyo kinapoongezeka, na shina la milimita 8 ni gumu takriban mara mbili na nusu kuliko la robo inchi. Kwenye mbao ngumu utaiona tofauti hiyo kwenye usafi wa ukuta wa kiungo.

Bushi nayo haikubali kila kitako. Za mtindo wa Porter-Cable huingia kwenye tundu la katikati na kukazwa kwa pete yenye nyuzi. Nyingi za Makita hukazwa kwa skrubu mbili. Bosch wana mtindo wao wa kusukuma na kuzungusha. Jigi inaweza kuja na bushi nzuri ambayo ruta yako haiitambui. Beba ruta yenyewe uende nayo dukani, au pima tundu la kitako chake na upige picha kabla ya kuagiza. Kukiwa na kitako cha kati kinachounganisha mitindo miwili, uliza bei yake na uijumlishe kwenye bei ya jigi.

La mwisho kuhusu ruta ni umeme. Mashine za mtumba kutoka Marekani huandikwa volti 120. Umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Soma kibandiko kabla hujalipa.

Namna ya kuikagua mkononi

Jina la kiwanda linasaidia, lakini jigi nyingi za bei nafuu zinafanana sana kwa macho na hutofautiana kwa vitu vichache unavyoweza kuvikagua mwenyewe ukiwa na rula ya chuma, skwea na kalipa.

Weka rula kwenye meno ya kiolezo, uone kama yako kwenye mstari mmoja na kama kiolezo kimepinda katikati. Kiolezo cha alumini kinavumilia zaidi. Cha plastiki ngumu kinakata vizuri kikiwa kipya, lakini beringi au bushi ikikisugua muda mrefu kinaanza kulika, na jino likilika kiungo nacho kinalegea. Uliza kama kiolezo kinauzwa peke yake kama spea.

Linganisha unene wa kiolezo na urefu wa shingo ya bushi. Shingo ikiwa ndefu kuliko unene wa kiolezo itagusa mbao na kukwama. Hapo utalazimika kuikata shingo, na ukiikata vibaya bushi imekwisha.

Bana ubao halisi, tena mpana, kisha uuvute katikati kwa mkono. Nguzo nyembamba ya kubania hupinda, ikashika pembeni na kuacha katikati pakilegea. Nguzo inayokazwa kwa mkono wa kupindua ni ya haraka kuliko ya kinobu, na kwa kona 80 wepesi huo una thamani. Ila mkono huo uwe na njia ya kurekebishwa, kwa kuwa mbao zetu za inchi moja zikishapigwa randa hazitoki na unene mmoja.

Tazama vizuizi vya pembeni. Viwepo kushoto na kulia, na vishike bila kuteleza, kwa sababu nusu ya kona za droo hukatwa upande mmoja wa jigi na nusu nyingine upande wa pili. Jigi ambayo kizuizi chake cha kulia hakilingani na cha kushoto itakupa droo iliyokaa kombo.

Mwisho, fikiria benchi. Ubao unaosimamishwa mbele ya jigi unaning'inia chini. Kama benchi yako ina kimo cha sentimita 90, ubavu wa kabati wa mita moja na nusu hautatosha. Jigi ya ruta ya mkono ni chombo cha droo na masanduku. Usinunue ya inchi 24 kwa matumaini ya kuunganishia makabati marefu kabla hujapima kimo hicho.

Droo ifuate meno

Jigi ya meno yasiyosogea ina sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji. Nafasi kati ya jino na jino haibadiliki, kwa hiyo kimo cha droo kikiwa cha kubahatisha, kiungo kitaanza na nusu pini nzuri juu na kumalizika na kipande chembamba chini, ambacho huvunjika wakati wa kugonga.

Kwenye jigi nyingi za inchi 12 zinazotumia biti ya milimita 12.7 nafasi hiyo ni inchi 7/8, sawa na milimita 22.2. Pima ya kwako kutoka katikati ya jino hadi katikati ya jino linalofuata. Ikiwa ni 22.2, basi droo zenye vimo vya milimita 89, 111, 133 na 156 zitaanza na kuisha kwa nusu pini zilizo sawa. Panga michoro ya mteja kwa vimo hivyo tangu mwanzo. Mteja hatajua kama umempa droo ya 133 badala ya 130, lakini kiungo kilichokatika mwishoni atakiona. Kama kazi zako zinakulazimisha kimo cha aina yoyote, kwa mfano kutengeneza droo mpya za kabati la zamani, hiyo ni sababu ya kweli ya kununua jigi ya meno yanayosogezwa.

Kabla ya hapo, jiulize droo zako ni za nini. Kwenye mbao halisi kiungo hiki kiko mahali pake. Kwenye plaiwudi kinawezekana kwa biti kali na ubao wa kuegemeza, ingawa tabaka la juu huchanika kirahisi. Kwenye MDF na chipubodi mikia haina nyuzi za kuishikilia na hukatika. Kama karakana yako inatengeneza majiko ya MDF pekee, pesa ya jigi iweke kwenye reli nzuri za droo. Na mbao ziwe zimekauka. Paini iliyopasuliwa juzi itakubali kiungo leo, na ikishakauka ndani ya nyumba ya mteja kiungo kitaonyesha mianya.

Kuitega

Jigi nzuri ikitegwa vibaya hukata vibaya, kwa hiyo tenga vipande vya majaribio vyenye unene na upana uleule wa kazi, na ikiwezekana mbao ileile. Funga jigi kwa skrubu juu ya ubao wa plaiwudi nene, kisha bana ubao huo kwenye benchi. Hakikisha biti iko katikati kabisa ya bushi. Ikiwa imekaa upande, kiungo kitabadilika kila unapogeuza mkono wa ruta, nawe utalaumu jigi bure. Kama hukuweza kuiweka katikati, shika ruta kwa mwelekeo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kila mkato.

Kwenye mkia uliofichwa, kukaza na kulegeza kunafanywa kwa kina cha biti. Kiungo kikilegea, shusha biti. Kikikaza mno, ipandishe. Kwa biti ya nyuzi 14, kila milimita moja ya kina inabadilisha upana wa mkia kwa takriban nusu milimita. Maana yake marekebisho ni ya sehemu ndogo sana za milimita: shusha 0.2, jaribu tena. Anayeshusha milimita nzima kwa mara moja ataruka kutoka kiungo kinachocheza hadi kiungo kinachopasua ubao. Kiungo kilicho sawa kinaingia nusu kwa mkono na kumalizika kwa nyundo ya mti.

Usichanganye tatizo hilo na jingine linalofanana nalo. Kama kiungo kimekaza vizuri lakini ubavu umezama ndani au umetokeza nje, kina hakina kosa. Sogeza kiolezo mbele au nyuma. Na kwenye mkia unaotokeza kanuni ni nyingine tena: kina kinafuata unene wa ubao, na kukaza kunarekebishwa kwa kusogeza kiolezo wakati wa kukata pini.

Wakati wa kukata, anza kwa kupitisha ruta kidogo sana kutoka kulia kwenda kushoto kwenye uso wa ubao uliosimama, kukata nyuzi za juu tu. Mkato huo wa kwanza hupunguza sana kuchanika. Kisha ingia kwenye meno kutoka kushoto kwenda kulia. Ukimaliza, vuta ruta kuelekea kwako mpaka itoke kabisa kwenye kiolezo, zima, subiri isimame. Usiinue ruta juu hata kidogo biti ikiwa ndani ya meno. Biti ni pana chini, kwa hiyo ikiinuliwa inang'oa mkia, inakata jino la alumini na inaweza kuvunjika. Violezo vingi vilivyoharibika vilikufa kwa namna hii. Vaa miwani, kinga ya masikio na barakoa. Vumbi la mvule hasa huwasha ngozi na njia ya hewa.

Ununue ipi?

Kama unatengeneza droo mbili tatu kwa mwezi, usinunue jigi kwa sasa. Nunua msumeno wenye meno madogo na patasi mbili nzuri, ujifunze kwa mkono. Utakijua kiungo kwa undani, na siku ukinunua jigi utaielewa kwa haraka.

Kama unatoa droo kwa oda, za mbao halisi, chukua jigi ya inchi 12 ya meno yasiyosogea yenye kiolezo cha alumini na vizuizi pande zote mbili. Pesa utakayookoa kwa kutonunua ya bei kubwa itumie kwenye biti mbili za kabaidi za shina la milimita 8, bushi inayolingana na ruta yako, na koleti yake. Biti butu kwenye jigi ya gharama hukata vibaya kuliko biti kali kwenye jigi ya kawaida.

Kama wateja wako wanalipia masanduku na samani ambazo kiungo ndicho pambo, nenda kwenye kiolezo cha mkia unaotokeza ikiwa unarudia mbao za upana mmoja, au jigi ya meno yanayosogezwa ikiwa kila kazi ina vipimo vyake.

Na jigi yoyote utakayochagua, usimlipe muuzaji kabla hujaiona bushi imekaa kwenye ruta yako na shina la biti limepita katikati yake. Asiyekubali ujaribu, mwachie jigi yake.